Gogo, Mnyororo na Kidonge: Kisa cha Fundi Pancha wa Bouaké

Katika vijiji vingi vya Côte d'Ivoire, familia iliyoelemewa na mgonjwa wa akili ilikuwa na njia yake ya kumzuia. Gogo zito lilitobolewa tundu la kupitisha mguu, mguu wa mgonjwa ukaingizwa humo, kisha chuma kikapigiliwa juu ya kifundo ili usiweze kurudi ulikotoka. Aliyefungwa hivyo hakuhitaji mlango wala mlinzi. Aliachwa chini ya mti pembezoni mwa kijiji au kwenye kibanda cha uani, akala palepale, akalala palepale, akajisaidia palepale, na baada ya miezi ngozi ya kifundo ikaanza kuoza na misuli ya paja ikanywea, hata siku ya kufunguliwa asiweze kusimama. Wengine walifungwa kwa mnyororo na kufuli, wengine kwa waya, na wapo waliokaa hivyo kwa miaka.

Ni rahisi kuwaita wazazi wa namna hiyo wakatili, lakini msomaji akiishia hapo kisa hiki hakitamfaa kitu. Kabla ya kulifikia gogo, familia hizo kwa kawaida zilikuwa zimeshapita kwa mganga, zimeshatoa mbuzi na kuku, zimeshampeleka mgonjwa kwenye kambi ya maombi ambako alifungwa vilevile na kunyimwa chakula ili pepo amtoke, na nyingine zilikuwa zimeshauza kila kinachouzika. Hospitali za serikali za magonjwa ya akili zilikuwa mbili tu katika nchi nzima, moja Bingerville karibu na Abidjan na nyingine Bouaké, na kwa mkulima wa mbali nauli peke yake ilikuwa mlima. Mgonjwa asiyezuiwa angeweza kuchoma nyumba, kupotea porini, au kupigwa na majirani hadi kufa. Gogo lilikuwa jibu la watu waliokwisha kujaribu yote waliyoyajua, na ndiyo sababu halikuweza kuondolewa kwa kulikemea.

Mtu aliyeanza kuwafungua wagonjwa hao mmoja mmoja, mpaka shughuli yake ikawa mtandao wa vituo katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi, anaitwa Grégoire Ahongbonon. Alizaliwa Benin mwanzoni mwa miaka ya 1950, akahamia Côte d'Ivoire mwaka 1971 kutafuta maisha, na kazi aliyoijua ilikuwa ya kuziba pancha. Hakuwa daktari wala padri, na hakuwa na shahada ya chuo chochote. Kwa miaka kadhaa biashara ilimwendea vizuri hadi akamiliki teksi, na akaacha kwenda kanisani, kama wafanyavyo wengi mambo yanapowanyookea. Kisha upepo ukageuka. Mali ikayeyuka, madeni yakamzonga, marafiki wakapungua, naye akafika mahali pa kutaka kujiua. Hali hiyo ameieleza hadharani mara nyingi, bila kuipamba. Kilichomrudisha ni padri mmoja mmisionari aliyekaa naye, akamsikiliza, na mwaka 1982 akamwezesha kwenda kuhiji Yerusalemu. Huko akasikia katika mahubiri kwamba kila Mkristo ana jiwe lake la kuweka katika ujenzi wa Kanisa, akarudi Bouaké akijiuliza jiwe lake ni lipi.

Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia Yerusalemu na kumsahau padri. Kiongozi wa dini wa kwanza mwenye huruma katika habari hii hakuanzisha kituo wala hakuhutubia mkutano. Alimpa muda mfanyabiashara aliyefilisika ambaye hakuwa tena muumini wa kutegemewa, na hakumwambia kwamba kukata tamaa ni dhambi inayohitaji kukemewa. Laiti angemkemea, huenda kusingekuwa na kisa cha kuchambua.

Mwaka 1983 Ahongbonon, mkewe na wenzao wachache walianzisha kikundi cha sala kilichokwenda kuwatazama wagonjwa katika hospitali ya Bouaké. Walichokikuta kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kulaza ndugu katika hospitali ya serikali: asiye na fedha ya dawa hatibiwi, na asiye na wa kumletea chakula analala na njaa. Wapo waliokuwa wamelala kwenye uchafu wao wakisubiri kufa. Basi sala ikageuka kuwa ndoo ya maji, sabuni, uji na mchango wa kununua dawa. Kikundi kikachukua jina la Mtakatifu Kamili wa Lellis, Mwitalia aliyefariki mwaka 1614, na uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Kamili alikuwa askari mcheza kamari aliyepoteza kila kitu, akalazwa kwa kidonda cha mguu katika hospitali ya Roma, akaona jinsi wagonjwa wanavyotendewa na wahudumu wa kukodiwa, na baadaye akairudia hospitali ileile kama mhudumu. Mgonjwa aliyegeuka kuwa mlezi wa wagonjwa: wazo hilo litarudi mbele, na ndilo ninaloliona kuwa uti wa mgongo wa kisa chote.

Kutoka hospitalini kikundi kilihamia magerezani. Wagonjwa wa akili walikuja mwisho, na Ahongbonon mwenyewe hafichi sababu: alikuwa akiwaogopa kama watu wengine wote. Mwaka 1990 alimwona mwanamume aliye uchi akitafuta chakula kwenye jaa la taka. Alikuwa amekwisha kuwaona wengi wa namna hiyo, lakini siku hiyo, kwa maelezo yake, alijiuliza kwa nini anamtafuta Yesu makanisani ilhali anampita barabarani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mwenye njaa, aliye uchi na aliye kifungoni hawatajwi kama mfano wa kuhubiria. Wanatajwa kama Bwana mwenyewe. Fundi pancha aliyachukua maneno hayo kama yalivyoandikwa. Akaanza kutoka usiku pamoja na mkewe, wakizunguka mjini kuwatafuta wagonjwa mahali wanapolala, wakiwapelekea chakula na maji ya baridi, wakizungumza nao. Hofu ikapungua kwa kuzoeana, usiku hadi usiku, na wagonjwa nao wakaanza kumtambua.

Chakula hakikutosha. Mtu aliyekula usiku bado alirudi jaani asubuhi, bado alinyeshewa, bado alipigwa mawe na watoto. Katika mtaa nilikokulia alikuwapo mtu wa namna hiyo, sisi watoto tukimtungia nyimbo na kumkimbia akigeuka. Sikumbuki hata mtu mzima mmoja aliyetukataza, ingawa wote walikuwa watu wa ibada. Nalitaja hili ili isidhaniwe kwamba hofu ya Bouaké ni ya kigeni. Ahongbonon aliomba mahali pa kuwaweka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikundi kikapata eneo ndani ya uwanja wa hospitali ya Bouaké. Hicho kikawa kituo cha kwanza. Kwamba kilianzia ndani ya uwanja wa hospitali, si nyuma ya kanisa, ni jambo la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu tangu siku ya kwanza muuguzi na daktari walikuwa hatua chache kutoka pale.

Mwaka 1994 habari ya vijijini ikamfikia. Mwanamke mmoja alimweleza kwamba kaka yake amefungwa kijijini kwao, naye akaenda. Alimkuta kijana aliyelazwa chini, mikono na miguu ikiwa imekazwa kwa waya uliokwisha kuzama ndani ya nyama, na vidonda vikiwa na funza. Haikuwezekana kumfungua papo hapo kwa mikono mitupu. Ilibidi zitafutwe koleo za kukatia. Walimbeba hadi Bouaké, wakamwosha, wakamtibu vidonda, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuoza mno. Alifariki. Kuanzia hapo Ahongbonon hakungoja tena wagonjwa wafike mjini. Kila aliposikia kuna mtu kwenye gogo alifunga safari, akakaa na familia na mkuu wa kijiji, akaeleza, akasubiri idhini yao, ndipo akakata.

Utaratibu wa baada ya kukata unasimuliwa kwa namna inayofanana kila mahali, na mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza mgonjwa huogeshwa. Kisha hunyolewa nywele na ndevu, hukatwa kucha, huvalishwa nguo safi, huulizwa jina lake na kuitwa kwa jina hilo. Halafu hulishwa. Dawa hufuata baada ya hayo, wala haichelewi. Mtaalamu anaweza kuyaona mambo ya mwanzo kuwa ni usafi wa kawaida tu, lakini kwa mtu aliyekaa miaka bila kuguswa na mkono usiomfunga wala kumpiga, kuogeshwa ni habari kwamba cheo chake kati ya watu kimebadilika. Na kwa familia inayotazama ni habari nzito zaidi. Waliambiwa kwamba ugonjwa ule unaambukiza, kwamba pepo huruka kutoka kwa mgonjwa hadi kwa anayemgusa, na sasa wanamwona mcha Mungu mwenzao akimpaka sabuni mgongoni na kurudi nyumbani akiwa mzima. Hakuna semina inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Nafasi halisi ya imani katika kisa hiki naiona hapo. Imani haikumponya mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuona yasiyokuwapo, wala Ahongbonon hajawahi kudai hivyo. Ilichofanya ni kubadilisha ruhusa: ni nani anaruhusiwa kumsogelea kichaa, kumshika, kula naye sahani moja. Katika jamii ambayo ugonjwa wa akili unaelezwa kwa lugha ya majini, mapepo na laana, daktari anayekuja na lugha ya kemikali za ubongo anazungumza nje ya mjadala. Mtu wa imani anayesema, kwa lugha ileile ya rohoni, kwamba huyu ni mgonjwa na si makazi ya shetani, anazungumza kutoka ndani, na neno lake lina uzito ambao cheti hakina.

Lakini lugha hiyohiyo inakata pande zote mbili. Katika sura ya 5 ya Injili ya Marko yumo mtu wa nchi ya Wagerasi aliyeishi makaburini, aliyefungwa mara nyingi kwa pingu na minyororo akaivunja. Kambi za maombi zinazofunga watu husoma sura hiyo na kuona pepo wa kukemewa. Mnyororo kwao ni sehemu ya maandalizi. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba waliofunga ni watu wa mji, kwamba minyororo haikusaidia kitu, na kwamba mwisho wa habari mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, naye anaagizwa arudi nyumbani kwa jamaa zake. Kituo cha Bouaké kimejengwa juu ya mwisho huo wa sura.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuona upande wa pili. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa, na hatimaye ikapatikana miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri aliyedaiwa kuwafundisha kukaa bila kula hadi kufa. Kule pia palikuwa na kiongozi, imani, jumuiya iliyoshikamana na watu wenye dhiki waliotafuta pa kuegemea. Tofauti kati ya Bouaké na Shakahola haimo katika ukubwa wa imani. Naiona katika mambo yanayoweza kukaguliwa kwa macho: kama mlango uko wazi kwa ndugu kuingia na kutoka, kama muuguzi anaruhusiwa kufika, kama watu wanakula, na kama kiongozi anamrudisha mtu kwao au anamtenga nao.

Dawa zinazotumika katika vituo vya Saint Camille, yaani Mtakatifu Kamili kwa Kifaransa, jina la chama kilichotokana na kile kikundi cha sala, ni za kawaida na za zamani: haloperidoli na kloropromazini kwa wenye maono, sauti na fujo, fenobabitali kwa wenye kifafa, ambao nao hufungwa minyororo kwa kudhaniwa wamepagawa. Dawa hizi zinajulikana tangu katikati ya karne ya 20 au kabla yake, bei yake ni nafuu, na ndizo hizihizi utakazozikuta katika zahanati zetu siku zinapokuwapo. Zina adha zake. Mgonjwa anaweza kukakamaa shingo na taya, kutetemeka mikono, ulimi ukawa mzito, akatembea kama mtu wa mbao, na asipopewa dawa ya kupunguza madhara hayo ataacha kumeza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Wataalamu kutoka Ulaya na Kanada wamekuwa wakijitolea kupima wagonjwa na kuwaelekeza wauguzi, lakini kazi ya kila siku iko mikononi mwa wauguzi na watu waliofunzwa palepale.

Wengi wa watu hao ni waliokuwa wagonjwa. Hapa ndipo Kamili wa Lellis anaporudi, na hapa ndipo uongozi wa Ahongbonon unapoacha kuwa wema tu na kuwa mbinu. Aliyepona hupewa kazi: kuogesha wapya, kupika, kugawa dawa chini ya usimamizi wa muuguzi. Baadhi wamepelekwa kusomea uuguzi, na baadhi wamekabidhiwa uongozi wa vituo vizima. Fikiria maana yake kwa mama anayemleta mwanawe akiwa amefungwa kamba. Anapokelewa na mtu nadhifu mwenye daftari mkononi, anaeleza shida zake kwa aibu, na katikati ya maelezo mpokeaji anamwambia kwamba yeye pia aliletwa hapa akiwa amefungwa. Hakuna hoja inayoshinda hiyo. Mgonjwa mpya naye anamwona mtu aliyewahi kusikia sauti kama zake, ambaye sasa ana funguo za stoo.

Naliona hili kuwa jambo gumu zaidi kuigwa kuliko mengine yote, kwa sababu viongozi wetu wengi wa dini wanaweza kuhurumia, kuchangisha na hata kuosha, lakini wachache wanaweza kumkabidhi madaraka mtu ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la kichaa. Huruma inayobaki na ufunguo mfukoni mwake haifiki mbali. Ahongbonon, nadhani, aliweza kwa sababu alijua kwamba kati yake na mtu wa jaani palikuwa na padri mmoja tu.

Mgonjwa akitulia hufundishwa au kurudishiwa kazi, kulingana na kituo: kilimo, ufugaji, kuoka mikate, kushona, kusuka nywele. Kisha hurudishwa kwao, na hapo ndipo pagumu. Mtu aliyetulia miezi sita kituoni anaweza kuvurugika tena baada ya wiki chache nyumbani akikosa dawa, na kijiji kikimwona hivyo hupata uthibitisho kwamba pepo walikuwa wamejificha tu. Jibu la chama lilikuwa kuweka vituo vidogo vya karibu na wanakoishi wagonjwa, ambako mtu huja kila mwezi kuonwa na kuchukua dawa kwa mchango mdogo. Hakuna picha ya kuvutia hapo, ni foleni, kadi, daftari na kabati la dawa, lakini bila foleni hiyo kazi yote ya koleo na sabuni ingekuwa bure. Nimeona vikundi vingi vya kidini vikifanya vizuri siku ya uzinduzi. Kinachopima huruma ni mwezi wa thelathini, wakati mgonjwa yuleyule amekuja kwa mara ya thelathini na hana jipya la kusimulia.

Septemba 2002 vita vilipoigawa Côte d'Ivoire, Bouaké ikawa ngome ya waasi. Mwaka 2004 chama kilifungua kituo nchini Benin, huko Avrankou karibu na Porto-Novo, kisha vingine, na baadaye kazi ikafika Togo. Waliopita katika vituo hivyo kwa miaka yote wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wanapokewa Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, na hakuna anayetakiwa kubatizwa ili apewe kitanda. Mwaka 1998 Ahongbonon alipewa tuzo yenye jina la Franco Basaglia, daktari wa Italia aliyepigania kufungwa kwa hospitali za vichaa nchini mwake hadi sheria ya mwaka 1978 ikapatikana. Ukitafakari, heshima hiyo ina kinaya chake: Basaglia aliwatoa watu ndani ya kuta za taasisi, Ahongbonon aliwatoa watu walioachwa nje bila taasisi yoyote.

Si haki kuusifia mfumo huu bila kutaja kasoro zake. Umesimama kwa kiasi kikubwa juu ya jina la mtu mmoja na misaada ya marafiki wa Ulaya na Kanada. Mwaka ambao fedha zimepungua, dawa nazo hupungua. Madaktari bingwa ni wachache mno kulingana na idadi ya wagonjwa, na hiyo ina maana kwamba mtu anaweza kumeza dozi ileile miaka mingi bila kupimwa upya. Swali la ridhaa pia lipo. Mgonjwa aliyeletwa na nduguze hakuulizwa kama anataka kuja, na kituo kilichojaa watu kinaweza, pasipo mtu kukusudia, kuwa mahali pa kulazimishana. Na kuna swali la serikali. Kila kituo cha hisani kinachofanya kazi vizuri huipa wizara sababu ya kutojenga chake.

Nayachukua maswali hayo kwa uzito, lakini nayapima na kile kilichokuwapo badala yake. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba kuwafunga minyororo watu wenye matatizo ya akili kunafanyika katika nchi zipatazo 60. Pale ambapo hakuna kliniki, marufuku ya mnyororo peke yake huuhamisha mnyororo kutoka uani hadi chumbani. Familia inahitaji kitu cha kushika mkononi siku inapolitupa gogo, na kitu hicho ni mahali pa kumpeleka mtu leo, si sera ya mwaka ujao.

Kwetu, neno Mirembe bado linatumika kama tusi. Hospitali ile ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, imetibu vizazi vya Watanzania, na bado kijana akifanya jambo la ajabu huambiwa apelekwe Mirembe. Mkenya husema vivyo hivyo kuhusu Mathari, na Mzanzibari kuhusu Kidongo Chekundu. Katika hali hiyo, familia nyingi humwona shekhe, mchungaji, padri au mwalimu wa madrasa kabla ya kumwona muuguzi, na wengine hawamwoni muuguzi kabisa. Mwenye kusoma ruqya, yaani kisomo cha Kiislamu cha kumwombea mgonjwa, na mwenye kuongoza maombi, apende asipende, ndiye dirisha la mapokezi. Analofanya katika nusu saa ya kwanza huamua mengi: kama anauliza mgonjwa ana siku ngapi hajalala, kama amewahi kuanguka kifafa, kama ametaja kutaka kufa, kama anasoma dua yake na kuandika pia jina la kliniki kwenye karatasi, au kama anasema dawa za hospitali zitaharibu tiba ya roho. Kwa Muislamu hakuna ugeni katika kuunganisha viwili hivyo. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyofunguliwa mwaka 1284 kwa fedha za wakfu, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, na wakfu huo ulihesabiwa kuwa ibada.

Ahongbonon sasa amevuka umri wa miaka 70. Vituo kadhaa viko mikononi mwa watu aliowafungua yeye mwenyewe, na swali la kama wataendelea bila yeye litajibiwa na wao, kwa fedha watakazopata na kwa wizara zitakazokubali au kukataa kuwatambua. Anapokwenda Ulaya na Kanada kuomba msaada wa dawa, huenda na mnyororo mmoja wa chuma alioutoa kwa mtu aliyemfungua, akauonyesha hadhira.